Ruhusa ya Kusoma Tu

Saa tisa usiku, Rovaniemi.
Kipimajoto cha dirishani kimeshuka ishirini na sita chini ya sifuri,
na simu ya zamu inalia kabla kahawa haijachujika.
Ni Veikko, dereva wa lori la magogo:
amemgonga kulungu wa theluji barabara ya Kaamanen,
jike, amelala ubavu, mvuke bado unamtoka puani.
Kisha anasema, la, hautoki tena.

"Masikio," namwambia. "Yasome."
Namsikia akivua glavu, akipapasa.
"La kushoto, mapengo mawili nyuma, ncha imekatwa.
La kulia lina uma."
Ndivyo watu wa huku wanavyoandika jina,
kwa kisu, kwenye gegedu, bila herufi hata moja.

Mimi nalinda jina la pili, lile linalokaa winguni.
Winguni! Neno tu.
Wingu letu ni jengo la saruji lisilo na madirisha,
lina feni elfu, na mlinzi anayefuma soksi.
Humo kila kulungu ana hati yake:
mabano mawili yanayotazamana kama viganja,
ndani yake mabano mengine, na mengine tena,
ufunguo, nukta mbili, thamani, mkato.

Sizibebi hati laki mbili kuja nazo mezani;
nani huhamisha ghala kutafuta punje?
Nina utaratibu, mistari arobaini, niliuandika mwaka juzi,
unaishi hukohuko ndani ya hifadhidata, mlango kwa mlango na data.
Nauita kwa jina. Naukabidhi masikio mawili.
Unaingia wenyewe, unafungua mabano, unasoma, unafunga.

Safu sifuri.

"Bado nipo," anasema Veikko. Meno yanamgongana.

Kuna tupu, na kuna kutokuwepo.
Tupu ni sahani iliyoandaliwa bila chakula:
mtu aliijua nafasi, akaiacha wazi.
Kutokuwepo ni meza isiyo na sahani,
na utaratibu wangu ulipita meza kama hizo
bila kubisha hodi. Kosa langu, si lake.
Hati za zamani za Inari hazisemi *masikio*.
Zinasema *beallji*, kwa Kisami,
maana hapa kila hati huja na maneno ya kwao
na hakuna anayeifukuza.

Naongeza mstari: masikio yasipokuwepo, soma beallji.
Nauita tena.

Safu moja.
Mmiliki: Gáren Valle.
Hali: amefariki, miaka kumi na mmoja sasa.
Mrithi: tupu.

Lakini huyu aliyelala barabarani
ana miaka mitatu.

Nashuka ngazi moja ndani ya mabano, kwenye orodha ya ndama.
Kila Juni, ndama mpya. Wawili. Mmoja. Wanne mwaka ule wa mvua.
Na kwenye kila ndama, aliyeandika: uula.
Kaka yake. Namfahamu kwa mbali, mtu wa kununua betri na kuondoka.
Kila kiangazi, jua likigoma kuzama,
anambana ndama kati ya magoti,
anakata mapengo mawili, ncha, uma,
alama ya dada, si yake.

Kanuni za ushirika ziko wazi: alama ya marehemu hufungwa.

"Umempata mwenyewe?" anauliza Veikko.
Nimempata.
"Atakuja kumchukua?"
Nitampigia kaka yake.

Uula anapokea mlio wa kwanza, kana kwamba hakulala.
Simtajii jina. Namsomea alama tu,
kushoto kwanza, halafu kulia.
Anakaa kimya kirefu, mbwa anabweka nyuma yake.
"Kilomita ngapi kutoka Kaamanen?" anauliza.
Kumi na nne.
"Haya."

Asubuhi msimamizi ataniuliza
kwa nini, nilipoiona hati ile, sikuigusa.
Nitamwonyesha kichwa cha utaratibu,
pale nilipouwekea mipaka kwa mkono wangu:
ruhusa, kusoma tu.
Kahawa imepoa. Naimwaga, nachemsha nyingine.